Maboksi Niliyoyaona kwa Diwani

Habari ile ya diwani wetu ilitoka mdomoni mwangu, nami naiandika kwa mkono wangu mwenyewe, kwa herufi za darasa la nne nilipoishia. Mjukuu wangu atanipigia chapa. Nimemwambia asinipambie.

Mwaka ule dawa ya pamba ilichelewa. Funza waliingia kwenye vitumba sisi tunawaangalia tu. Tuliambiwa ekapaki, vile vichupa vya dawa vya eka moja moja, vimefika Bariadi, kisha tukaambiwa vimefika kata, lakini kijijini hatukuviona. Asubuhi moja nilikuwa nakwenda kusaga, nikaona guta, ile baiskeli ya mizigo ya magurudumu matatu, limesimama uani kwa diwani wetu. Wanaume wawili walikuwa wanashusha maboksi, na yalikuwa mazito, maana boksi moja walilishika wote wawili. Diwani alikuwa mlangoni. Nilisalimia, akaitikia, nikapita. Nilichokiona ni hicho.

Msimu wa kuvuna ulipofika tukakaa kuchambua, yaani kutenga pamba safi na fifi, ile chafu iliyoliwa. Kazi hiyo huku kwetu haifanywi na mtu peke yake. Leo kwangu, kesho kwako, wanawake wa vitongoji vinne kwenye turubai moja. Siku hiyo ilikuwa kwangu. Fifi ilikuwa nyingi kuliko safi, na kila nilipoitupa pembeni hasira ilinipanda. Nikasema, "Dawa yetu mimi niliiona ikishushwa kwa diwani."

"Mayu," mmoja akaniita, yaani mama, "uliiona wewe mwenyewe?"

"Kwa macho haya."

Sikusema maboksi. Nilisema dawa. Wenzangu waliguna, kazi ikaendelea, na jioni kila mmoja akarudi kwake.

Sasa mjukuu wangu. Anakaa mjini, anafanya kazi kwenye stesheneri, na ana blogu ya siasa za mkoa wetu. Inasomwa mpaka Maswa na Meatu. Kuna watu wa Mwandoya humpigia simu kubishana naye. Jumamosi moja alikuja kunisalimia, akakaa kwenye kigoda, akanisomea kwenye simu aliyoyaandika Alhamisi: diwani, ambaye alikuwa anaomba chama chake kimpitishe tena kwenye kura za maoni, alificha dawa ya wakulima nyumbani kwake. Alisoma kwa sauti ya mtu anayesubiri kusifiwa.

"Nani kakwambia?" nikauliza.

"Vyanzo vitatu, Bibi. Mimi sichapishi mpaka nipate watu watatu wa kaya tofauti, tena vitongoji tofauti. Kila mmoja nilimfuata kwake."

"Watu gani?"

"Chanzo hakitajwi."

"Mke mwenzangu," nikamwita kwa utani wa bibi na mjukuu wa kike, "matako yako nimeyaosha mimi. Nitajie."

Akanitajia. Nikaweka ungo chini.

"Hao wote walikuwa kwenye turubai langu."

"Turubai gani?"

Yeye ni mtoto wa mjini, hajui tunavyochambua. Alihesabu nyumba, hakuhesabu turubai. Nilipomweleza, akang'ang'ania mmoja wao. "Lakini huyu kaniambia aliona mwenyewe."

"Huyo mguu unamsumbua tangu kilimo, hata kwangu aliletwa kwa baiskeli. Kwa diwani alifikaje?"

Akaiweka simu pajani. Halafu akauliza polepole, kama anayeogopa jibu, "Wao walisikia kwa nani?"

"Kwangu."

"Na wewe uliona dawa?"

"Niliona maboksi."

"Yameandikwa nini?"

"Sikusogea. Nilisalimia tu nikapita."

"Bibi, wewe Biblia unaisoma bila miwani, maboksi ndiyo yakushinde?"

Nikamuuliza diwani mwenyewe kasemaje. Akasema diwani amempigia jana yake, amemwambia kura ni wiki ijayo na jina lake limechafuka kata nzima. Asipoonyesha ushahidi watakutana kituo cha polisi.

"Naifuta tu," akasema.

"Ukiifuta watasema umetishwa, na watazidi kuamini. Yeye mwenyewe ulimuuliza kabla hujaandika?"

"Nilimpigia mara moja. Hakupokea."

"Mara moja."

"Ndiyo, mara moja, Bibi. Na wewe ulisalimia ukapita."

Hapo alinipata. Nikafunga kitenge changu vizuri, tukaenda kwa diwani.

Alifungua mke wa diwani. Nikamsalimia, "Mwangaluka." Alituacha tumesimama kidogo ndipo akaitikia. Nikamwambia, "Aliyesema ni mimi. Huyu kaandika tu." Hakugombana. Alituongoza mpaka bafuni na kutuonyesha ukuta. Ulikuwa na vigae vipya, vyeupe, vyenye maua ya bluu.

"Dawa yenu hiyo," akasema. "Vueni viatu muingie. Kuoga bado, bomba halijaunganishwa."

Maboksi matupu yalikuwa yamekunjwa nyuma ya mlango. Diwani akaja na stakabadhi ya duka. Mjukuu wangu akalinganisha tarehe na ile asubuhi yangu ya kusaga, akapiga picha boksi, akamwomba na namba ya mwenye guta, akampigia palepale, naye akasema alibeba vigae. Nilimtazama, nikafikiri, kazi hii anaiweza. Aliifanya baada, badala ya kabla.

Diwani hakupaza sauti. Alisema, "Mama, siku ile ulinisalimia nikakuitikia. Ungeniuliza maboksi yana nini ningekuonyesha. Hata hayo maua ungenishauri."

"Na dawa yetu iko wapi?" mjukuu wangu akamuuliza.

"Hata mimi sijui. Nimeuliza, sijajibiwa."

Tuliporudi tukabishana. Alitaka kuandika kwamba chanzo chetu kilikosea. Nikamkatalia. Chanzo gani, wakati kwanza alisema vitatu? Nikamwambia aandike hivi: bibi mmoja aliona maboksi akasema dawa, mimi nikauliza watu watatu waliomsikia bibi huyo, nikawahesabu vyanzo vitatu, diwani mwenyewe nikampigia mara moja tu. Na mwisho aandike kwamba dawa ilikokwenda bado hatujui.

"Watanicheka, Bibi."

"Watacheka. Weka juu, palepale pa ile ya kwanza."

Aliweka. Wachache waliisoma. Ile ya kwanza ilikuwa imeshapigwa picha na kuzungushwa kwenye magrupu ya simu, na huko haifutiki. Wiki iliyofuata diwani aliangushwa kwenye kura za maoni. Siwezi kusema ni kwa ajili yangu, wala siwezi kusema si kwa ajili yangu. Mkewe tukikutana ananiitikia salamu, basi.

Juzi, baada ya ibada, mama mmoja wa kitongoji cha mbali alinivuta pembeni akaniambia yule diwani wa zamani alikuwa mwizi wa dawa, kuna bikizee alimwona.

"Bikizee ni mimi," nikasema. "Niliona maboksi. Yalikuwa vigae vya bafu."

Akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni. "Mayu, wamekupa nini?"

Nikamshika mkono, tukakaa kwenye benchi nje ya kanisa, nikamweleza yote toka mwanzo, pamoja na hasira yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniaga vizuri. Nyumbani kwake ameeleza vipi, sijui.