Fukusi wa Mama Mkwe

Katika mwaka wake wa nne wa shahada ya uzamivu, mwalimu mmoja wa biolojia alifuga fukusi nyumbani kwa mumewe, kwenye makopo kumi na mawili ya mahindi, maana maabara ya chuo ilikuwa ikikarabatiwa. Siku moja alirudi akakuta makopo yamesuguliwa yakang'aa, na mahindi yameanikwa uani.

"Mwanangu, ulikuwa unaishi na wadudu," mama mkwe wake alimwambia kwa upole. "Nimekusafishia."

Mwalimu akakaa kizingitini. Kazi ya miezi mitano ilikuwa imekwenda na maji. Kesho yake alimweleza msimamizi wake, akijua ataambiwa aanze upya.

Msimamizi akavua miwani. "Kwenye hayo mahindi yaliyoanikwa, fukusi wamebaki wangapi?"

"Hakuna hata mmoja."

"Aliwaondoaje?"

Mwalimu hakujua. Ikabidi mama mkwe aitwe ofisini. Alikuja na viatu vyake vya harusini, akahojiwa saa mbili nzima, na maelezo yake yakazaa sura ya nne ya tasnifu. Sura hiyo ilipopitishwa, mama mkwe aliwatangazia majirani, "Tumebakiza sura moja tu."