Ngolo Tulizochimba Kwenye Njia ya Mfereji

Mfereji wetu, juu kidogo ya Litembo, ulinuka maganda ya kahawa yaliyochacha. Mababu waliuchimba kwa majembe, ukaizunguka milima hadi kwenye mtambo wa kumenyea kahawa, jirani na hospitali. Na kwa kuwa maji hayapandi mlima, kando yake palikuwa na njia pekee ya tambarare katika nchi yetu ya miinuko. Jumapili Baba alinipakia kwenye bomba la baiskeli, Mama nyuma, tukaenda misani bila yeye kushuka hata mara moja. Wageni walishangaa: baiskeli Umatengoni, tena ya watu watatu!

Baba aliajiriwa na ushirika kuufyeka na kuuzibua mfereji huo. Soko huria lilipoingia, wanunuzi walifuata kahawa milangoni kwa malori, mtambo ukafungwa, na Baba akarudi nyumbani na jembe lake. Mfereji ukakauka. “Udongo ule umejaa rutuba,” alisema, “tukiuacha tutakuwa wajinga.” Basi tukachimba ngolo, yale mashimo yetu ya kulimia milimani, tukaukata mfereji pamoja na njia yake. Nilikuwa na miaka tisa na nilijisifia mashimo yangu kwa kila aliyepita. Majirani walipoona mtunza mfereji mwenyewe amelima, nao wakalima. Maharage yalistawi ajabu, lazima niseme ukweli.

Masika yaliyofuata Mama alishikwa na uchungu kabla ya siku zake. Ilikuwa asubuhi, na mvua ilikuwa imeikata barabara ya magari. Baba akampakia kwenye baiskeli kumpeleka hospitali, akaishika njia ya mfereji kwa mazoea tu, mimi nikikimbia nyuma nimemshikilia Mama kiunoni. Tulipofika kwenye maharage yetu, gurudumu likazama shimoni. Baba akalinyanyua, likazama tena. Mbele yetu yalikuwa mashimo tu hadi kwenye kona, ya kwetu kisha ya majirani.

“Baba Adelina, nishushe,” Mama alisema. “Basi, nishushe.”

Mdogo wangu alizaliwa palepale, mtoto wa kiume. Hakulia, wala hakuvuta pumzi. Baba alivua koti, akamfunika, akapiga magoti kwenye tope. “Nisamehe, mwanangu,” alimwambia. Sikuwahi kumsikia akimwomba mtu yeyote radhi. Mama alipona, lakini maharage yale hayakuvunwa. Moyo wangu ulivunjika siku ile na haujaunga mpaka leo.

Siku hizi bodaboda inapanda mlima ule kwa dakika chache, na vijana hawajui kama paliwahi kuwa na mfereji. Siwezi kusema zamani kulikuwa bora; nami nimefikishwa hospitalini kwa pikipiki, nikajifungua salama mara mbili. Mwaka jana nilikwenda kumwamkia Baba, amezeeka sasa. Alipoitikia marahaba, aliniuliza kama yule mdogo wangu angekuwa ameshaoa.

“Angeshaoa, Baba,” nilimjibu. “Angekuwa na watoto wawili.”

Baba akaniuliza wanaitwa nani.