Chokaa ya Idi kwenye Ghala la Pangani

Hadithi hii hainipambi hata kidogo. Ukimaliza kuisoma utasema huyu jamaa alikuwa mjinga, nami sitabisha. Nakuomba tu usiseme kwa sauti, maana mke wangu hajui yote.

Miaka ile foleni za duka la kaya zilikuwa zimeshasahaulika. Sabuni na sukari, tulizokuwa tukizipigania, sasa zilijaa hadi vibandani, na kila mwenye kichwa alitaka awe na duka. Pale Pangani maghala ya mawe yaliyokaa miaka na popo wake yakapata wachumba ghafla. Mimi nikapata kazi. Nilikuwa fundi mwashi, nimeishia darasa la saba, lakini nilikuwa nimebomoa majengo ya zamani mengi sana, najua ndani mwake kuna nini kama mchinjaji anavyomjua ng'ombe. Mtu akitaka kununua jengo, ananiita kwanza nilipitishie jicho. Nikisema linafaa, ananunua. Nikisema halifai, dalali ananinunia wiki nzima.

Akaja mama mmoja wa Kipemba, mjane, na wanawe wawili. Alitaka ghala la ghorofa moja karibu na kivuko: chini aweke mchele na sukari, juu marobota ya mitumba. Watu wa Mwera na Mkwaja wakivuka tu, wamefika dukani kwake. Fungu lake la mikarafuu huko kwao alikuwa ameshaliuza ili apate hilo ghala. Likiharibika hana pa kurudi. Aliniambia mwenyewe tukiwa mlangoni.

"Mwanangu, mimi mambo ya mawe siyajui. Nakuangalia wewe usoni tu."

"Usoni utaona njaa, mama. Angalia ukuta."

Ilikuwa Ramadhani, kumi la mwisho. Tukaingia na dalali. Ndani kweupe pee, chokaa mbichi bado inanuka. Lakini Pangani nzima ilikuwa inanuka chokaa. Kwetu Idi ikikaribia kila nyumba hupakwa, hata banda la kuku likiwa na bahati.

"Naona hata ghala limepata nguo ya Idi," nikasema.

Dalali akacheka mpaka akashika kiuno. "Mwenyewe anauheshimu mwezi, fundi!"

Basi nikaona nimechekesha, nikasonga mbele.

Dari za majengo yale ni boriti za mikoko, zimelazwa toka ukuta huu hadi ule, juu yake mawe na chokaa. Boriti haifi katikati. Inafia kwenye ncha, pale inapozama ukutani, maana ukuta unanyonya maji na chumvi na yenyewe inaoza kimya kimya. Kwa hiyo fundi anatakiwa apande, akwangue chokaa penye ncha, achomeke msumari mrefu. Ukigoma, salama. Ukizama, mwambie mtu wako aondoke. Haya nayajua tangu sijaota ndevu.

Siku ile nikachukua mpini wa jembe, nikagonga boriti katikati. Ngo, ngo, ngo. Zikalia vizuri, kavu.

"Mama, zimelia. Hizi zitatuzika sote," nikasema.

Ncha sikukwangua hata moja. Nilikuwa na saumu, jua la saa nane, hiyo ni sababu. Lakini sababu yenyewe hasa ni kwamba niliona haya. Zimebaki siku nne tu tusali Idi, mtu amepaka ukuta wake ukapendeza, mimi niende nikauchubue na msumari? Kwetu hiyo ni kukosa adabu.

Mama akanunua.

Masika ikapita. Asubuhi moja nilikuwa napiga lipu nyumba ya mtaa wa pili, nikasikia mshindo, kisha watu wanapiga kelele. Nikakimbia na mwiko mkononi. Nusu ya dari ya lile ghala ilikuwa chini, na marobota juu yake. Mama amesimama nje kichwa wazi, kanga imemdondoka na hana habari nayo.

"Watoto wako wapi?"

"Chuoni, kwa mwalimu wa Kurani. Lakini mna hamali mle ndani. Kaingia na gunia sasa hivi."

Tuliondoa mawe kwa mikono. Tulimkuta yu hai, mguu umevunjika mara mbili, meno ameyauma na macho yanatutazama. Wakambeba juu ya mlango kumpeleka hospitali.

Walipoondoka nikaokota kipande cha boriti. Katikati kigumu kama chuma. Nikageuza nikashika ile ncha, ikapondeka kiganjani kama mkate uliolowa, nyeusi, na juu yake lipu jipya jembamba lililopakwa chokaa. Ndipo akili ikanijia, imechelewa kama kawaida yake. Watu hupaka chokaa ya Idi nyumba wanazokaa na kupokea wageni. Ghala lililofungwa miaka yote ile, nani angekwenda kulipelekea mkono wa Idi? Ile ilikuwa chokaa ya kufunika uozo.

Mama akanijia. Ningefurahi anitukane.

"Uliniambia zimelia."

"Zililia, mama. Niligonga katikati."

"Na huko pembeni?"

Nikamfungulia kiganja chenye ule uozo mweusi. Akaokota kanga yake, akaikung'uta vumbi, akajifunga, akaanza kuvuta marobota peke yake. Nikaenda kushika upande wa pili. Hakunifukuza, na hakuniangalia usoni tena.

Siku ya tatu nilikwenda hospitali. Yule hamali ni mkubwa kwangu, ana watoto wanaolingana na wadogo zangu, na riziki yake ni ile miguu. Njia nzima nilikuwa natafuta neno la kumchekesha, sikulipata.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Kaa."

Nikamweleza yote: chokaa, haya yangu, msumari uliobaki mfukoni. Alinisikiliza huku akiuangalia mguu uliofungwa plasta hadi pajani.

"Ile asubuhi niliiona dari imebonyea," akasema. "Nilisimama nikaitazama kabisa. Halafu nikajiambia, ah, fundi keshapita hapa. Nikaingia."