Mbuzi Sebuleni Siku ya Mtu wa Benki

Jamani, mwenzenu nimejiaibisha! Nyumba yetu ya hapa Kahama ina mkopo unaomkondesha mwanangu Masanja. Benki nyingine ikakubali kuuchukua ule mkopo, riba ipungue, ila mtu wao aje aione nyumba kwanza. Mimi nikadhani ni kama wale wanaoandika kaya maskini zipewe msaada! Nikahamishia makochi kwa jirani, nikafunga mbuzi sebuleni.

Kijana wa benki akaingia. "Shikamoo bibi."

"Marahaaaba baba, nateseka," nikajibu kama anayekata roho.

Akaziba pua. "Bibi, sisi tunataka nyumba yenye thamani. Hili si zizi?"

Mayo wane, mama yangu! Kabla sijafumbua mdomo, jirani akachungulia dirishani:

"Mama Masanja, keshaondoka huyo wa benki? Tukurudishie makochi?"