Siku ya Kumi na Tisa

Mdogo wangu alirudi Rudewa akiwa na mimba ya miezi sita, maana kwetu mimba ya kwanza hulelewa kwa mama. Alipewa chumba cha nyuma, chenye magunia ya mahindi. Pembeni, ndani ya tenga kuukuu, kuku alikuwa akiatamia mayai kumi na mawili.

Nilifika kutoka Mikumi siku ya kumi na tisa ya kuku huyo. Siku hiyo mama huweka mayai kwenye karai la maji ya vuguvugu. Yai lenye kifaranga hai hucheza, kama mtu anayejigeuza chini ya shuka. Tulichutama watatu.

Mayai yalielea tu.

"Yamelala," alisema mama.

"Yote, mama?" nilitania. "Hata darasani hawalali wote."

Ndipo yai moja likajigeuza taratibu, likatulia. Mama akayarudisha yote.

Siku ya ishirini na moja lilipasuka lile moja tu. Kifaranga alikuwa na miguu iliyopinda nyuma na midomo iliyopishana. Alifungua kinywa, sauti haikutoka. Kuku alimtazama, akatoka nje. Nilipasua mengine uani, moja baada ya jingine. La nne lilikuwa na jicho kubwa, bila mdomo.

"Mama, uliweka nini kwenye tenga?"

"Majivu, si unajua, kwa ajili ya utitiri."

"Hata safari hii?"

"Tangu uniletee gesi, majivu nitayatoa wapi? Nilichota dawa ya mahindi. Kama inaua dumuzi, itashindwa na utitiri?"

Tuliingia chumbani. Unga mweupe ulikuwa juu ya magunia, sakafuni, hadi ukingoni mwa godoro. Nyayo za mdogo wangu zilikuwa zimeukanyaga kwenda na kurudi.

Nilimpigia bwana mifugo. Alisema hawezi kuapa kwamba ni dawa bila kupima. "Lakini mtoe huyo mjamzito humo leo, apelekwe kliniki."

Mama alibeba godoro mwenyewe. Kisha akamkalisha mdogo wangu barazani, akaweka kiganja juu ya tumbo lake. Tulisubiri kama tulivyosubiri kwenye karai. Jua lilikuwa kali, na kuku alikuwa akichakura mbali na nyumba.

"Amecheza," mdogo wangu alisema, akitabasamu.

Mama hakuondoa mkono. Alinitazama. Hata lile yai lilikuwa limecheza.