Sufuria Nyeusi na Mwezi Mkubwa

Asubuhi moja niliondoka mjini Baraka bila mpango, kama kawaida yangu, na mwishowe nikapata chumba Lulimba, kwenye machimbo ya dhahabu. Mama mwenye nyumba aliniazima sufuria. Ilinuka masizi, na harufu hiyo ikanirudisha Swima, kijiji chetu kando ya Ziwa Tanganyika, nikiwa na miaka kumi.

Kwetu sufuria yenye masizi haioshwi ziwani. Wanasema ndagala, dagaa wetu, watakimbia. Siku moja mama, aliyeolewa pale akitoka mbali, aliiosha. Kesho yake mitumbwi ilirudi mitupu. Mwenye mitumbwi akasimama ufukoni.

"Jana Mama Riziki ameosha sufuria. Leo samaki hakuna. Munataka ushahidi gani tena?"

Akamkataza mama kuanika ndagala pale, na sisi tulikula kwa kuanika huko.

"Baba," nikamwambia mwenye mitumbwi, "lakini mwezi iko mukubwa!"

Hata watoto tulijua: mwezi ukiwaka, ndagala hawafuati taa za wavuvi, na wavuvi hulala nyumbani.

"We mutoto wa mugeni, utafundisha bavuvi?"

Watu wakacheka. Mimi niliona kwamba alikuwa amenijibu kuhusu mama yangu, si kuhusu mwezi.

Mwezi ukapungua, ndagala wakarudi. "Munaona?" akatamba. "Tumemufukuza, samaki imerudia!"

Hapo nikachukua sufuria nyeusi kuliko zote nyumbani, nikaingia ziwani hadi magotini, mchana kweupe, nikaisugua kwa mchanga mbele ya wavuvi wote. "Riziki, utatuua!" mama akalia. Sikuacha hadi ikang'aa.

Kesho yake mitumbwi ilijaa hadi ukingoni. Mama akarudi kuanika. Hakuna aliyeomba msamaha, wala aliyethubutu kumzuia.

Shule niliiacha mapema. Miaka mingi baadaye, katika daftari la falsafa la mwanafunzi niliyesafiri naye, nikakuta kosa lile la ufukoni limeelezwa: jambo kutangulia jingine si ushahidi kwamba ndilo lililolileta. Nilifurahi, kisha nikakasirika. Nilikuwa nimedhani yule mwenye mitumbwi hajui kufikiri. Kumbe alijua vizuri sana. Yeye ndiye aliyewatuma wavuvi chini ya mwezi mkubwa, na alitafuta mtu wa kumtwika hasara yake.

"Mama, sufuria nioshee wapi?" nikamuuliza mwenye nyumba.

"Popote, lakini mutoni apana. Itakimbiza zahabu."

"Nani amesema?"

"Mwenye shimo la zahabu."

Nikaichukua sufuria, nikashuka mtoni.