Pikapu Iliyokosa Bei

Hakuna swali lililonichosha kama hili: "Sasa hiyo pikapu yako ina thamani gani?" Aliuliza katekista, waliuliza shemeji zangu, na kila siku aliuliza mke wangu, ambaye ndiye pekee aliyekuwa na haki ya kujibiwa, kwa kuwa yeye ndiye aliyengoja iuzwe.

Alitaka mashine ya kusaga. Kwetu huku juu hapakuwa na hata moja. Wanawake walishuka Kihurio na mahindi kichwani, wakapanga foleni, wakapanda tena na unga, na siku waliyorudi hawakuwa watu wa kusemeshwa. Mtu atauliza kwa nini pikapu isiwabebee. Kuteremsha gari kwa ajili ya debe moja la mahindi ni kula mafuta, si kula ugali. Kwa hiyo mke wangu alikata shauri: mpaka mashine ipatikane, jikoni kwake ni makande, mahindi na maharage yasiyotaka kusagwa. Makande mchana, makande jioni. Mimi ni Mpare, makande nayapenda, lakini kila kitu kina kiasi.

Pikapu yenyewe niliitoa kwenye shamba la mkonge kule tambarare, shamba lilipoanza kufa. Niliikuta imelala majanini, kuku wanatagia ndani. Ilikuwa miaka ya shida, sabuni ya foleni, sukari ya kibali. Springi moja niliingoja tangu vuli mpaka vuli nyingine. Bolti kadhaa alinifulia mhunzi wa Msangeni, na rangi niliomba mabaki kanisani walipomaliza kupaka milango, ndiyo sababu gari lilifanana na mlango wa kanisa. Lakini liliwaka.

Basi nilipomaliza, mambo yakawa yamegeuka. Biashara ilifunguliwa. Springi zilezile sasa zilining'inia madukani Same kama mikungu ya ndizi, na pikapu za Kijapani zilizokwisha tumika huko kwao zilipita barabara kuu na redio zikiimba ndani. Gari langu lihesabiwe kwa bei ya miaka ipi? Nikihesabu kwa taabu niliyoipata, bei ilitoka ya nyumba ya bati. Nikihesabu kwa maduka ya sasa, ilitoka ya baiskeli mbili, moja haina kengele. Nimeishia darasa la saba. Labda kuna hesabu ya tatu wanayofundishwa wanaoendelea mbele. Mimi sikuipata.

Mwenye duka mmoja pale Same alikuwa na mashine ya kusaga, akatuahidi kutuwekea mpaka siku ya soko, si zaidi. Siku hiyo tukashuka, mke wangu kakaa mbele.

Dalali alikuwa kijana mwenye adabu, sitaki kumsema vibaya. Aliniamkia vizuri, akazunguka gari, akasema atamleta mfanyabiashara wa mpunga anayetafuta kitu kigumu. Sharti lake lilikuwa moja: mzee nisiseme neno, maneno ni kazi yake. Nikakubali. Nilikubali kweli, nisionekane mtu wa kuvunja ahadi kwa makusudi.

Mteja akaja. Akauliza kama gia zinaingia vizuri, dalali akajibu zinaingia zenyewe. Hapo nikaona si haki. Nikamwambia gia ya tatu huruka ukiwa mteremkoni usipoishikilia kwa mkono, maana mtu anaweza kufa hapo. Akaniuliza na breki je. Nikamweleza breki. Kisha, nikiogopa nimelichafua gari kupita kiasi, nikaona nimtajie na mazuri, nikaanza habari ya springi, na mhunzi, na jinsi nilivyobeba betri begani kutoka kijiji cha Bendera.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Mzee wangu, unaniuzia gari au unaniuzia taabu zako?"

Mpaka leo nadhani lilikuwa swali zuri. Akataja bei yake. Ilikuwa chini ya ile ya baiskeli. Mke wangu akatoa kichwa dirishani.

"Baba watoto, wewe unauza au unaungama?"

Dalali alicheka mpaka akaegemea tairi. Mteja naye akacheka, akaaga, akaondoka na bei yake.

Tukaenda kwa mwenye duka hivyo hivyo, tukiwa na gari na bila fedha. Nililiacha linanguruma nje, kwa kuwa siku hiyo nilikuwa na mashaka na betri. Nikamwomba achukue pikapu, atupe mashine. Akatoka, akalitazama, akasema kwa gari lile anaweza kutoa mashine tupu, bila mota yake. Nikakasirika. Mashine bila mota ni sanduku la chuma, nilimwambia, na springi zile peke yake zinazidi sanduku. Yeye akanionyesha springi zake zilizoning'inia.

Mke wangu akamuuliza, "Na bila gari, hiyo tupu unaiuzaje?"

Akamtajia. Kwa makisio yangu ilikuwa sawa na bei ya mtamba wa mke wangu, yule aliyepewa na mama yake. Nadhani alikwisha kukisia kabla yangu.

"Mota mtaitoa wapi, mama?" mwenye duka akauliza.

Akaonyesha nje kwa kidevu. "Ile pale inanguruma bure."

Nilipinga njia nzima ya kurudi. Nilimweleza ekseli, nilimweleza difu, nilimweleza kwamba gari halikuumbwa kwa kazi hiyo. Mtamba akashuka, mashine ikapanda. Tukaliinua gari nyuma kwa magogo ya mkaratusi, tairi moja nikalitoa, mkanda ukavishwa kwenye rimu. Mahindi yakasagika. Rangi yangu ya kanisa ikageuka nyeupe kwa unga, na wanawake wakawa wanakuja kutoka vilima viwili, wanakaa kwenye boneti langu wanasengenya.

Asubuhi moja dalali yule akapanda kwa gari la dizeli na mteja mwingine, mjenzi wa barabara. Huyu alikuwa hataki gari la Kijapani. Alitaka la kizamani linalotengenezeka kwa nyundo. Alikagua kila kitu, hata gia ya tatu nilimwambia, akasema si neno. Akauliza bei.

Foleni ikasogea karibu. Mke wangu alikuwa ameinua debe la mtu, hamimini wala hateremshi.

Ile bei ya nyumba ya bati ilikuwa mdomoni. Naamini angeilipa. Niliyatazama yale madebe, na lile la mkononi mwa mke wangu, nikasema, "Sina bei, bwana. Haliuzwi."

Mke wangu akamimina.

Dalali ndiye aliyeumia. "Mzee, umetupandisha mlima mzima kwa ajili ya hilo? Mafuta yenyewe sina ya kurudia."

Alikuwa na haki. Nikachukua mpira, nikanyonya dizeli kutoka kwenye tenki langu mpaka kinywa kikawaka, nikamjazia dumu. Walipokata kona ya kwanza, injini yangu ikakohoa kwa kukosa mafuta, mkanda ukalegea, mashine ikasimama. Madebe mawili hayakusagwa. Wenyewe walinisema mpaka jioni, mmoja kwa Kiswahili na mwingine kwa Chasu, Kipare chetu, na mke wangu akiwasaidia pale walipopungukiwa maneno. Nao walikuwa na haki.